Mguu wa Rama na Pipa la Bwana Sefu

Siku ya tatu ya msiba wa kaka yangu Rama, binti wa marehemu Bwana Sefu alikuja Ujiji kutupa pole. Ni mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa amejitanda kanga mpya, mkononi ameshika sukari na majani ya chai, kama desturi inavyotaka. Akavua viatu mlangoni, akatoa salamu, akakaa mkekani. Waliokuwa kwenye mkeka huo wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake: huyu anakwenda kutazama sufuria jikoni, yule mjukuu wake analia. Kabla chai haijapoa, mwanamke yule alikuwa amebaki peke yake kwenye mkeka wa watu kumi. Hakuna aliyemtukana, Ujiji hatuna haja ya matusi. Mimi, mfiwa, nilikuwa nimekaa mbele yake. Ningenyanyuka tu nikakae naye, wengine wote wangerudi. Sikunyanyuka. Nilimtazama akizungusha pete yake kidoleni, nikasikia utamu kifuani, utamu uleule niliouonja kwa zaidi ya miaka thelathini, nao haujapungua. Nasema hivi mapema ili anayesoma asitarajie kwamba mwisho wa simulizi hii nitakuwa nimesamehe watu. Sina kipaji hicho. Nataka tu kueleza jinsi kaka yangu alivyopoteza mguu, na kwa mkono wa nani, kwa sababu Rama sasa yuko chini ya udongo na hawezi kunisikia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafungasha samaki Bangwe, kando ya ziwa, kwa Bwana Sefu. Si samaki wa kula. Bwana Sefu alikuwa akiwapeleka Ulaya wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba ya ziwa letu, ili watu wa huko wawaweke kwenye vioo sebuleni na kuwatazama. Ujiji walitucheka sana. "Yaani mnahangaika na samaki asiyeingia chunguni?" Rama, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa mmoja wa wazamiaji. Alishuka na mpira wa hewa mdomoni, kompresa ikinguruma juu kwenye mashua, akawakamata samaki kwa kijinyavu cha mkono, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mchele. Kazi yangu mimi ilikuwa chumba cha nyuma, chenye matangi ya saruji na sakafu isiyokauka mwaka mzima. Samaki wa safari walinyimwa chakula siku mbili ili wasichafue maji njiani, kisha tukawatia kwenye mifuko ya nailoni: maji theluthi moja, theluthi mbili zilizobaki oksijeni kutoka kwenye mtungi. Ukishajaza, unasokota shingo ya mfuko, unaikunja, unaifunga kwa raba, kile kipira cha kuvutika. Wenzangu walifunga raba moja. Mimi nilifunga mbili, zikipishana, nikizivuta mpaka vidole viniume, na hakuna mfuko wangu hata mmoja uliowahi kufika umesinyaa. Bwana Sefu alinisifu kwa hilo mbele ya watu. Nilijivuna, kwa nini nifiche? Mtu wa miaka kumi na tisa akisifiwa kitu, hukishikilia hichohicho.

Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na banda la bati, na ndani ya banda kulikuwa na kitu tulichokiita Pipa. Lilikuwa silinda la chuma lililolala, refu kumzidi mtu mrefu, lenye mlango wa duara, kidirisha cha kioo kinene na mabenchi mawili ndani. Mzamiaji aliyepanda juu haraka mno akakamatwa na viungo, ule ugonjwa wa wazamiaji, aliingizwa humo na kufungiwa. Hewa ikashindiliwa mpaka mwili ukadhani umerudi chini ya ziwa, kisha ikapunguzwa taratibu kwa saa kadhaa, huku mwenyewe akivuta oksijeni kwa barakoa. Wanunuzi wa Ulaya ndio waliomlazimisha Bwana Sefu kulinunua. Bila Pipa, hakuna biashara. Lakini lilikuwa likifanya kazi, na hilo nataka lieleweke vizuri. Miezi michache kabla ya haya ninayoyasimulia, Nestori, mzamiaji mwenzake Rama, mtoto wa Warundi waliohamia zamani, aliingizwa humo amebebwa, miguu haimtii. Bwana Sefu mwenyewe alikaa kwenye vali tangu asubuhi mpaka alasiri, kitabu cha maelekezo mapajani, hakula wala hakuinuka. Nestori alitoka akitembea, akaomba wali.

Rama hakuumizwa na ziwa, aliumizwa na gati. Siku moja ya mvua aliteleza akishusha mitungi, na nondo iliyochomoza kwenye zege ikamwingia nyuma ya mguu, chini ya goti, ikazama ndani sana. Muuza dawa mmoja wa mtaani akapangusa damu ya juu, akashona ngozi vizuri kabisa, mshono hata ungependa kuutazama, na uchafu wote akaufungia ndani. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, rangi yake imekuwa ya shaba, na ukiubonyeza ngozi inatoa mlio mdogo kama ganda kavu la muhindi. Harufu yake sitaieleza. Tulipomfikisha hospitali, wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeukia ukutani, na mama mmoja nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, "Huyo wamemleta kufa." Nilimgeukia nikamwambia, "Utaanza wewe." Sikumjua hata jina. Ndivyo nilivyokuwa, na ndivyo nilivyo.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana anayeitwa Mushi, mwenye sauti ya chini na mikono iliyochubuka kwa kunawa. Alifungua ule mshono mzuri, akakata nyama iliyokufa. Kesho yake akamrudisha Rama mezani, akakata tena. Mimi nilikuwa nakuja na uji na ndizi za kuchemsha, Rama anaonja vijiko viwili, vilivyobaki nakula mimi nikiwa nimesimama, kwa aibu ya kuvirudisha nyumbani. Jumatano asubuhi daktari aliniita kwenye korido.

"Unafanya kazi wapi, dada?"

"Bangwe, kwenye samaki wa mapambo."

"Basi utanielewa upesi. Samaki wako akikosa oksijeni, anakufa, sivyo? Hawa wadudu walioingia kwenye mguu wa kaka yako ni kinyume chake. Wanastawi pasipo hewa. Wakikutana na oksijeni nyingi wanalegea, hata ile sumu inayoozesha nyama wanashindwa kuitengeneza."

Nilimwambia nimeelewa. Naapa nilidhani nimeelewa.

"Tiba ni kisu na sindano," aliendelea, "na hivyo sitaviacha. Lakini upo msaada wa tatu. Mgonjwa anaingizwa kwenye chemba ya shinikizo, kama vile kashuka ziwani mita kumi na tano, na humo anavuta oksijeni tupu. Anarudia tena na tena kwa siku kadhaa. Inaweza kuokoa nyama ambayo haijafa bado. Wa kumpeleka mbali si huyu, safari itammaliza njiani. Ila nasikia bosi wenu ana chuma cha namna hiyo."

"Analo. Nimeliona kwa macho yangu likimwinua mtu."

"Nenda kamwombe. Mwambie nitakuja mwenyewe na nitakaa humo ndani na mgonjwa."

Nilikwenda na Nestori. Bwana Sefu alitupokea barazani kwake, akatuketisha kwenye viti vya mito, akaagiza chai ya tangawizi na chapati. Mgala muue na haki yake mpe: sikuwahi kumwona Bwana Sefu akimpandishia mtu sauti. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza hali ya Rama kama mtu anayejali, akasema dawa zote atalipia yeye. Kisha akaweka kikombe chini.

"Pipa haliwezekani, wanangu. Nimelipaka rangi juzi, nje na ndani. Wageni wanakuja kulikagua Jumatatu. Rangi haijakauka."

"Rangi?" niliuliza. Nilidhani hakunisikia vizuri. "Bwana Sefu, mguu unaoza."

"Ni rangi ya mafuta, binti yangu. Oksijeni na rangi mbichi, cheche moja tu, ataungua yeye na daktari wake. Ningekuwa nawaua."

Hapo alikuwa anasema kweli, nimeuliza baadaye kwa wanaojua. Kama angeishia hapo, labda chuki yangu ingekosa pa kukaa. Lakini Nestori alisogea mbele kwenye kiti chake.

"Mzee, tutaikwangua. Tuko wazamiaji kumi na wawili. Tukianza saa hizi, kufika jioni hamna rangi humo, ni chuma kitupu. Tutakisugua, tutakiosha, kitakauka."

Nilimwona Bwana Sefu akilifikiria jambo hilo, nilimwona kabisa, na nikaona lilipofia usoni pake.

"Na Jumatatu," akasema taratibu, "nitawaonyesha wageni chuma kilichokwanguliwa?"

Basi. Hakuna lingine lililosemwa lenye maana. Alitushika mikono akituaga, akamtakia Rama afya. Na mimi nilikuwa nimemaliza chai yake yote. Hilo linaniudhi mpaka leo, kwamba kikombe nilikirudisha kitupu. Ningeweza kukimwaga kwenye mito yake. Kwa miaka mingi nimekimwaga kichwani mwangu, mara ya moto, mara ya baridi, mara usoni pake.

Tulipofika getini Nestori alisimama akalitazama ziwa. "Dokta kasema vitu viwili," alisema, "shinikizo na oksijeni. Shinikizo si lile pale? Na oksijeni si wewe unayeifunga kila siku?" Leo mtu anaweza kutucheka. Lakini fikiria sisi tulikuwa watu wa namna gani. Wazamiaji wa Bangwe, tangu kabla ya Pipa, mwenzao akikamatwa na viungo walimrudisha chini ya maji na kumpandisha polepole, na wengi walipona. Mimi nilikuwa nimewafikisha Ulaya samaki wasiohesabika wakiwa hai ndani ya mfuko wa oksijeni. Daktari alikuwa amenieleza kwa mfano wa samaki. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha kweli mkononi, tukaviunganisha kwa ujinga wetu wote na mapenzi yetu yote. Tulipomwambia Rama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Nipelekeni. Kule chini sijawahi kuugua."

Alhamisi, saa ya kuwaona wagonjwa, tulimwambia nesi tunamtoa nje apate jua. Bwana Sefu alikuwa mjini akishughulikia wageni wake. Nilimlaza kaka yangu kwenye meza ya kufungashia, ileile ya kila siku, nikafungua bandeji za daktari ili oksijeni iguse kidonda, nikauvisha mguu wake mfuko mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Niliupulizia oksijeni mpaka ukatuna. Nikasokota mdomo wa mfuko juu ya goti, nikachukua raba mbili.

"Kaza," Rama aliniambia, "maji yasiingie."

Nikakaza. Nilizipishanisha, nikaweka goti langu kwenye ukingo wa meza nipate nguvu, nikavuta mpaka vidole vikaniuma.

Nestori alishuka naye, amemkumbatia kama mama anayemwogesha mtoto, na mimi nikabaki kwenye mashua nikitazama mapovu. Walikaa chini muda mrefu. Waliporudi juu, Rama alitoa mpira mdomoni, maji yakimchuruzika, akasema, "Zuwena, maumivu yamekwisha. Yamekwisha kabisa!" Nestori akapiga ishara ya msalaba. "Mana yanje," akasema kwa Kirundi, "Mungu wangu." Nami nikapiga vigelegele katikati ya ziwa, peke yangu, mpaka wavuvi wa mtumbwi wa mbali wakageuka kutazama ni harusi ya nani. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya ndoa yangu. Tukamrudisha wodini, tukamfunika shuka, na mfuko tukauacha palepale, kwa sababu ulikuwa unamsaidia.

Daktari Mushi alifunua shuka alipopita kuwaona wagonjwa, ilipokaribia magharibi. Aliomba mkasi, akakata raba ya kwanza, akakata ya pili, akaushika unyayo wa Rama kwa mikono miwili, akaubonyeza hapa na pale, akaniangalia. Rama alikuwa amelala kwa homa. Tukatoka korido.

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

Aliegemea ukuta. Nilidhani atanifokea, ningependa anifokee. "Dada," alisema, "oksijeni haipenyi kwenye ngozi ikafika kule ndani. Inaingia kwa pumzi na kubebwa na damu. Shinikizo linaifanya iyeyuke kwa wingi ndani ya damu, ndiyo kazi yake yote. Sasa wewe damu umeizuia isipite."

"Lakini maumivu yaliisha. Yeye mwenyewe alisema."

"Mguu ukikosa damu kwa muda, unanyamaza."

Nilimuuliza kama ungepona. Alifikiri kabla ya kunijibu, na namheshimu kwa hilo, kwani wengi wangenidanganya. "Sijui. Huenda ningeukata hata hivyo, labda chini ya goti. Sasa nakata juu ya goti, juu ya alama ya raba, na nakata leo hii." Kisha akasema, "Usimwambie sasa. Ana homa, na hana mwingine ila wewe." Alisema sasa. Alimaanisha siku mbili tatu, wiki labda. Baadaye alihamishiwa mkoa mwingine, akaniachia ile sasa yake, nami nimeinyoosha mpaka Rama alipokufa mwezi uliopita.

Ijumaa asubuhi nesi alinikabidhi mguu. Kwetu kiungo kilichokatwa hakitupwi. Ndugu wanakichukua, wanakifunga kitambaa, wanakizika. Ulikuwa umeviringishwa shuka jeupe ndani ya boksi la dawa, na uzito wake ulinishtua, sikujua mguu ni mzito kiasi kile. Rama alikuwa ameamka. "Ukauzike makaburini kwetu," aliniambia, "uwaambie wazee wauombee." Nikamjibu sawa. Nikatoka na boksi kichwani, nikaelekea Bangwe. Njiani yote nilikuwa natafuta wa kumchukia, na sikuhitaji kutafuta mbali. Kila nilipoikumbuka raba nilisema kimoyomoyo: rangi haijakauka. Kila nilipomkumbuka daktari akiwa na mkasi mkononi, nilisema: na Jumatatu nitawaonyesha nini? Nilipofika, moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa, sina kosa hata moja.

Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa, Waislamu wako msikitini na wengine wamekwenda kula. Banda la Pipa halikuwa na mtu. Nilifungua mlango wa duara. Ndani kulikuwa kweupe pee, na rangi bado inanata kidogo. Vidole vyangu viliacha alama. Nikauweka mguu wa kaka yangu kwenye benchi, juu ya ile rangi, nikaufunua shuka usisitiriwe na kitu. "Haya," nikauambia, "umeingia." Nikafunga mlango, nikazungusha gurudumu mpaka likagoma. Siku tatu ndani ya chuma, kwenye joto la Bangwe, halafu Jumatatu wageni wa Ulaya na tai zao wafungue kukagua usafi. Niliwaona wakitapika. Nilimwona Bwana Sefu akitafuta maneno ya Kiingereza. Nyumbani siku ile nilikula ugali kwa samaki wa migebuka, nikaongeza na mchuzi.

Jumamosi nilikwenda kazini ili nisishukiwe. Bwana Sefu aliniita barazani. Palepale, viti vilevile, ila safari hii hapakuwa na chai.

"Kaa, binti yangu."

"Nitasimama."

"Nimefungua Pipa asubuhi kuangalia rangi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeusitiri. Nimeufunga sanda mpya, nimeuzika makaburini karibu na mama yangu. Nilikuwa peke yangu, sikumwita mtu, na polisi sitawaita. Ukimwambia kaka yako umezikwa, hutakuwa umesema uongo."

Nilikishika kiti nilichokataa kukikalia, na haikuwa kwa shukrani.

"Nilipokuwa naufunga," akasema, "nimeona alama juu ya goti. Imezunguka mguu wote. Raba mbili, zimepishana." Alinitazama, bila ukali. "Kwangu anayefunga hivyo yuko mmoja."

Nilisikia pampu za matangi zikivuma kule nyuma, na wenzangu wakicheka jambo lao.

"Rangi yangu au raba yako," alisema Bwana Sefu, "mimi sijui, na sidhani kama wewe unajua. Yangu nitaibeba. Yako sitaitaja kwa mtu, maadamu niko hai. Wewe sema utakavyo."

Angenitishia, ningemwelewa. Angenifukuza kazi, ningekaribia kumpenda. Lakini alichukua kisasi changu, akakiosha, akakizika karibu na mama yake, kisha akanirudishia kosa langu mkononi kwa adabu, kama mtu anayekurudishia kitu ulichoangusha njiani. Jumatatu wageni walifungua Pipa, wakakagua, wakapiga picha, wakaondoka wameridhika. Sikurudi tena kazini. Na kwa kuwa aliniambia niseme nitakavyo, nilisema.

Nilisema bombani na sokoni, nilisema kwenye maulidi na kwenye vyakula vya harusi, wanawake wakimenya vitunguu, nami sikuongeza uongo hata mmoja: nilieleza chai, nikaeleza rangi, nikaeleza Nestori alivyoomba kukwangua na alivyojibiwa. Nilipofika Alhamisi ya ziwani niliipita. Kabla mwaka haujaisha, Ujiji mtu akikunyima kitu kwa ubahili walisema, "Kwake rangi haijakauka," na watoto wakasema, wasiomjua Rama wala Bangwe. Posa ya binti wa Bwana Sefu, huyuhuyu wa mkekani, ilirudishwa. Msikitini watu walimpa Bwana Sefu mkono kwa ncha za vidole tu. Nilikutana naye mara mbili tatu njiani, amekonda, na kila mara alisubiri nimwamkie, nami nikapita, naye akanisalimu yeye, mzee mzima, "Hujambo, binti yangu." Neno moja tu kutoka kinywani mwake lingeigeuza Ujiji yote inigeukie mimi. Hakulisema mpaka alipokufa. Nilimchukia kwa rangi mwezi mmoja. Kwa kunyamaza nimemchukia miaka yote iliyobaki.

Rama alitoka hospitali mvua zikiwa zimekwisha. Siku hiyo nilimwandalia mwenyewe: ugali wa muhogo, migebuka kwa mawese, pilipili pembeni. Tulitandika mkeka uani, magongo yake yameegemezwa ukutani, na Nestori alikuja na maparachichi kutoka kwao. Rama alikula vizuri, nikafurahi kumwona anakula. Katikati ya chakula alipeleka mkono kukuna unyayo ambao haukuwapo, mkono ukagusa mkeka, akautazama. Nestori aliangalia pembeni.

"Dada yetu huyu," Rama akasema akinigeukia, "ndiye pekee aliyenipa nafuu. Siku ile ziwani maumivu yaliisha. Daktari na visu vyake hakuweza. Huyu aliweza kwa mfuko wa samaki."

"Ego, ndiyo," alisema Nestori, "ni kweli."

Rama alinawa, akakausha mikono kwa upole, akainua viganja. "Ee Mola," akaomba, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma barua, "unamjua aliyenipotezea mguu huu. Usimpe raha duniani, wala usimpe raha kaburini."

Nestori, Mkristo wa watu, aliitikia papo hapo. Rama akabaki ameinua mikono, ananitazama.

"Zuwena, mbona huitikii?"

Nikainua viganja vyangu, bado vina mafuta ya mawese, nikasema, "Amina."